Viti Vilivyofunikwa Khanga

Siku hizi nikisikia neno "mfumo" masikio yanapata moto. Ukienda dirishani kulipia kitu unaambiwa mfumo haupo, subiri. Unasubiri mpaka miguu inavimba, kisha unaambiwa mfumo umerudi lakini haukutambui. Mimi, bila kulazimishwa na mtu, nilikwenda kujitafutia wa kwangu. Niliubembeleza, nikauleta nyumbani, na ukanitenganisha na dada yangu.

Kazi yetu ni kukodisha vitu vya shughuli: viti vya plastiki, maturubai, meza, majamvi, sahani, na yale masufuria ambayo mtoto anaweza kulala ndani. Tulianza pamoja, mimi na dada yangu mkubwa. Mimi niko Handeni mjini. Yeye aliolewa Korogwe, kwa Wasambaa, akawa anaishi na mume wake na mama mkwe. Kila mmoja alikuwa na ghala lake lakini mali ilikuwa moja. Vikipungua kwake, fuso letu linapakia Handeni na kupeleka. Vikipungua kwangu, linarudi navyo. Watu walizoea kusema "viti vya wale ndugu wawili", na mimi jina hilo lilinipa raha kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa. Nilitaka jambo moja tu, tukue na jina libaki hivyo hivyo.

Kukua kukaja, na hapo ndipo karaha zilipoanza. Mteja wa Kwamsisi anatuma ujumbe wa sauti, ndani yake jogoo anawika na pikipiki inapita, unasikiliza mara tatu ndipo unapambanua kwamba anataka maturubai, na tarehe hujaisikia. Mteja wa Mkata anatuma picha ya ukumbi aliouona Dar es Salaam, anauliza, "Hivi mnavyo?" Mwingine kaongea na dada, mwingine kaongea na mimi, wote wawili tumewaahidi turubai lile lile, Jumamosi ile ile. Mara moja fuso lilifika kwenye shughuli moja likakuta simu ya shughuli nyingine inaita, na dereva akazima simu yake akaenda kula ugali. Sikumlaumu.

Nikaamua tuwe na tovuti. Mteja aingie, aone kilichopo siku anayoitaka, aweke oda, alipe kwa simu, athibitishiwe. Dada alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu mwenye homa.

Mtu mmoja anayejua mambo hayo aliniambia kuna njia mbili, kama nguo. Unaweza kuchukua programu iliyokwisha kutengenezwa, ambayo maelfu ya watu wanaitumia, ukaivaa ilivyo. Au unamtafuta fundi akupime, akukatie, akushonee ya mwili wako. Ya tayari unaanza kuitumia leo. Ya kushonesha, wote tunawajua mafundi: njoo kesho, njoo keshokutwa, uzi umekatika. Mimi sina subira. Nikachukua ya tayari.

Ya kwanza ilikuwa ya duka. Ilijua kuuza tu. Kiti kikitoka, kwake kimekwenda moja kwa moja, hakirudi tena duniani. Jumatatu viti vimerudi, vimeoshwa, vimepangwa mpaka darini, na tovuti bado inawaambia watu, "Samahani, bidhaa imekwisha." Nikawa kila baada ya shughuli ninaiingizia viti vyangu mwenyewe kama mtu aliyenunua mzigo mpya.

Nikaiacha, nikatafuta nyingine ya tayari, inayoelewa kwamba kitu kinaweza kwenda na kurudi. Hiyo nayo ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za wageni. Turubai kwake lilikuwa chumba. Niligombana nayo wiki nzima nikibadilisha maneno, lakini kuna mengine yalikuwa yamejificha mahali nisipoweza kufika. Mama mmoja wa Kwamsisi aliweka oda ya maturubai ya maulidi, kisha akanipigia simu kwa upole mkubwa.

"Mama, samahani. Nimeulizwa watalala wangapi. Sasa sisi tunasoma maulidi tu, hatulali. Halafu wameandika kifungua kinywa hakimo. Ndiyo nimeuliza, kwani zamani mlikuwa mnatoa?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kwa mwezi mzima hakunipigia simu bila kuniuliza kama vyumba vimejaa. Nami nilicheka, lakini kwa ndani nilikuwa na hasira, maana nilikuwa nalipia kila mwezi kitu kinachonifanya nionekane kichekesho. Nikasema basi, tunashonesha.

Fundi wa programu tulimpata Tanga mjini, mtu mzima mwenye familia, mpole, mwenye kompyuta iliyobandikwa gundi pembeni. Alikuja Korogwe, akakaa barazani kwa dada, akaletewa chai na mihogo ya kuchemsha, akaanza kutupima. Nilimpenda. Alitaka kujua kila kitu: fuso linabeba nini, nani anahesabu, kiti kikivunjika inakuwaje. Kisha akauliza shughuli zetu ni za aina gani, ili mteja achague.

Nikamtajia. Harusi, kuaga binti, maulidi, kipaimara, mahafali, mikutano ya vikundi vya akina mama.

"Na misiba," nikasema.

"Hizo zinatosha," dada akasema.

Fundi alinitazama, akamtazama yeye. "Mama, kama kuna kingine ni vizuri nikijue sasa hivi. Kuongeza baadaye ni kufumua."

"Hakuna kingine."

"Dada, misiba ipo," nikasema. "Si tunatoa viti kila mara? Mfumo lazima ujue."

"Mfumo usijue. Tunajua sisi." Akammiminia fundi chai nyingine. "Utaandika msiba pale, pembeni ya harusi, na picha ya keki? Watu watasema hawa wanatuombea tufe wapate kukodisha. Mfiwa haweki oda. Mfiwa anagonga mlango, unampa, siku akitulia atakuja mwenyewe."

Nilimwambia mficha uchi hazai. Akaniambia hiyo methali nimwambie mume wangu. Fundi alijifanya anamenya muhogo. Na kisha, kwa sababu alimwona mdogo wake kanuna, dada alisema jambo ambalo nililichukulia kama maneno ya hasira tu: "Fanyeni. Lakini siku hiki kitu chenu kikinifanya nimnyime mfiwa kiti, mimi na wewe tunagawana."

Baada ya chai fundi akaingia ghalani kuhesabu. Nyuma ya mlango kulikuwa na safu ya viti vilivyosimama peke yake, vimefunikwa khanga kuukuu. Fundi alifunua khanga, akahesabu, akaandika, akafunika tena vizuri. Dada alikuwa amesimama hapo hapo na funguo mkononi. Mimi nilidhani ni vumbi anaviepushia.

Alitengeneza kwa muda mrefu kuliko alivyoahidi, kama kawaida ya fundi yeyote, lakini alipomaliza, jamani, ilikaa mwilini. Ilijua Handeni na Korogwe. Ilijua kiti kinakwenda na kinarudi, na kwamba siku ya kurudi kinaoshwa, hakitoki. Ilijua fuso ni moja. Upande mmoja vikipungua, ilichukua vya upande wa pili yenyewe, ikawatumia wapakiaji kazi ya kesho kwenye simu. Hata lugha yake ilikuwa Kiswahili cha watu, hakuna kulala wala kifungua kinywa. Nikawa nalala usingizi. Dada naye, ingawa hakusema, nilimkuta mara moja anamwonyesha mama mkwe wake kwenye simu viti vyetu vilivyokwenda Mkata, na yule bibi anauliza kama viti vyenyewe vinajua vinatazamwa.

Misiba iliendelea kwa njia yake. Mtu akigonga, dada anafungua, anatoa. Mimi Handeni nikigongewa, natoa vilivyopo na kupunguza kwa mkono kwenye hesabu ya siku. Nikajiambia kumbe dada alikuwa sahihi, mambo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Mkata akawa anamwoza binti yake, na alitaka dunia yote ije. Akaingia kwenye tovuti, akaandika idadi ya viti anavyotaka. Mtu yeyote mwenye akili angempigia simu amwambie punguza kidogo. Mfumo haukupiga simu. Ulitazama Handeni, ukatazama Korogwe, ukaona vinatosha, ukampa vyote, mpaka cha mwisho. Ukamtumia ujumbe kwamba imethibitishwa.

Siku ya kupakia, dada alikuwa amempeleka mama mkwe wake hospitali kwa ajili ya presha, funguo kaziacha kwa jirani. Wapakiaji wakaja na simu zao, wakasoma kilichoandikwa, wakapakia kilichoandikwa. Nani angewalaumu? Walikuwa watu waaminifu, walihesabu mara mbili.

Alfajiri yake mtu akagonga. Alikuwa ametoka Magoma kwa pikipiki, amefiwa na baba yake, nguo zimejaa vumbi jekundu. Dada akamwambia pole baba, subiri, akaenda kufungua ghala. Nyuma ya mlango hapakuwa na kiti. Khanga ilikuwa sakafuni, imekunjwa vizuri.

Hapo ndipo nilipofahamu, maana alinipigia simu na kwa mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima alikuwa ananifokea. Viti vile havikuwa vya kukodisha. Tangu tulipoanza, kila alipoolewa mtu na kila walipohitimu watoto, hata tulipokuwa tumeelemewa na oda mpaka tunaazima kwa jirani, yeye alikuwa hagusi vile vya nyuma ya mlango. Vilimngoja mfiwa. Watu wa Magoma walijua, watu wa sokoni Korogwe walijua, kumbe hata dereva alijua. Sikujua mimi, mwenye mali, wala fundi aliyevihesabu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Alivihesabu mbele yako!"

"Niseme nini? Viti vimesimama peke yake, vimefunikwa khanga. Mtu mzima haoni?"

"Fundi ni mtu wa kuandika kompyuta, dada! Anaona viti!"

"Basi hakutakiwa kuja ghalani kwangu."

Nilikuwa na hasira naye. Unashonesha nguo, fundi anakuuliza vipimo, wewe unamficha bega moja kwa sababu unaona haya kulitaja, halafu nguo ikikubana unamlaumu. Na wakati huo huo nilikuwa na hasira na ule mfumo wangu mzuri, ambao haukuwa umekosea hata kidogo. Ungekuwa umekosea ningepata pa kupigia kelele.

Dada hakukaa. Alimwomba mfiwa atangulie, yeye akapanda basi mpaka Mkata. Zamani hilo lilikuwa jambo dogo. Zamani ukienda kwenye harusi ukasema kuna msiba mahali na watu hawana pa kukaa, mwenye harusi hasubiri umalize. Anatoa viti, wageni wake wanakalia mabenchi ya shule, mikeka, chochote, na baadaye mwenye harusi anatajwa kwa wema huo. Nimeona hivyo mara nyingi. Ndiyo maana hatukuwahi kuhitaji mtu wa kutuamulia.

Nilikutana naye pale, mimi nilikuwa nimekuja na fuso. Baba wa bibi harusi alitupokea kwa heshima, akatuletea soda. Dada akamweleza. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole nyingi, kisha akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akatusomea ujumbe wetu wenyewe. Imethibitishwa. Imelipiwa. Hakuna mabadiliko.

"Mama, mimi si mtu mbaya," akasema. "Zamani tulikuwa tunasemezana kwa mdomo, na cha mdomo mtu anaweza kumwachia mwenzake. Sasa mmenipa maandishi. Wakwe zangu wametoka mbali. Nitawaambia nini, kwamba maandishi yenu hayana maana?"

Dada akaniangalia mimi. Alikuwa hamwangalii yule mzee hata kidogo. Soda yake hakuigusa.

Magoma walizika hivyo hivyo. Wazee walikaa juu ya madebe, magogo na majamvi ya jirani. Siku ya pili tulikwenda wote wawili kutoa pole, na mfiwa akatuambia hamna neno, mama zangu, tumesitirika. Alilisema kwa moyo mweupe. Ingekuwa nafuu kama angetutukana.

Fundi nilimpigia siku hiyo hiyo. Alisikitika, na hakujitetea. Akasema inawezekana kabisa: ataweka sehemu ya misiba, ataweka viti ambavyo mfumo hauruhusiwi kuvigusa, hata harusi ikija na wageni wa nchi nzima. Si kazi kubwa. Anachohitaji ni dada amwambie vingapi, na nani anaamua msiba upi unapewa vingapi kama ikitokea misiba miwili. Nilifurahi mno. Nilikwenda Korogwe mwenyewe, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi, taratibu, nikimshika mkono.

"Kwa hiyo nimwandikie ni mfiwa yupi wa kwanza na yupi wa pili," akasema.

"Mwandikie chochote, dada. Ili yasitokee tena."

"Nilikwambia tutagawana. Ulifikiri ninatania?"

Nilibembeleza. Nilimleta mama yetu, nikamleta shemeji. Nikasema basi tuuzime huo mfumo turudi kwenye simu, nitasikiliza majogoo yote ya Kwamsisi. Akasema hapana, wewe endelea, ni kazi nzuri na unaiweza, ila usinihesabu mimi ndani yake. Hakuwa na kelele. Akiwa na kelele unajua mtaongea yakaisha. Alinipikia pilau, tukala, tukaingia ghalani tukagawa: turubai lako, turubai langu, sufuria lako, langu. Nilikuwa nalia kwa hasira, naye ananipanguzia sahani vumbi kabla ya kunikabidhi.

Sehemu ya misiba haikuongezwa. Kwangu Handeni niliendelea kutoa kwa mkono, kama zamani, na sikutaka kumwona fundi tena wala kusikia neno kufumua. Biashara ilinyooka. Oda zilikuja kutoka mahali ambapo sikuwahi kufika. Watu walioendelea kunipigia simu niliwajibu neno moja: ingiza kwenye tovuti, ukiniambia kwa mdomo nitasahau. Hata dada, alipopiga mara moja kuulizia majamvi, nilikuwa nimechoka, wapakiaji wamenizunguka, nikamjibu hivyo hivyo. Akasema sawa.

Tukawa watu wa salamu za Idi. Nilisikia kwamba viti vyake havikai ghalani. Kila penye msiba, kuanzia mjini mpaka Magoma, vipo, na mara nyingi vinarudi vimepungua.

Asubuhi moja nilikuwa sokoni Mkata nikichagua kamba za maturubai. Simu ikalia kwa mlio wa oda. Nikafungua, nikaona jina la dada yangu. Viti, turubai kubwa, majamvi, masufuria, Korogwe, leo hii. Kila kitu kimelipiwa. Niliisoma nikiwa nimesimama katikati ya watu, na sioni aibu kusema nilirukaruka. Alikuwa ana shughuli na amenichagua mimi. Amekubali tovuti yangu. Nikafikiri labda binti yake anaposwa, na hii ndiyo njia yake ya kuniambia yaishe.

Nikampigia hapo hapo, nikicheka. "Haya, mama harusi! Unaoza bila kunialika?"

Nyuma yake nikasikia sauti za wanawake wengi, na mtu anasoma Kurani.

"Mama mkwe ametutoka alfajiri," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Nikamuuliza viti vyake viko wapi.

"Vyangu viko msibani, Magoma. Siwezi kumwinua mtu aliyefiwa. Na wewe uliniambia niingize kwenye mtandao." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayesoma. "Nimeingiza. Wamenijibu hapo hapo. Wameandika hongera, wananitakia sherehe njema."

Nilirudisha kamba mezani kwa muuzaji.

"Ila wameandika mzigo utatoka saa nane," akasema, "na sisi tunazika adhuhuri. Nilikuwa nauliza, mdogo wangu, wewe unaruhusiwa kuibadilisha hiyo saa?"